Shule "ya kimataifa" Kolwezi: mzazi aulize nini kabla ya kulipa

Ukiingia Kolwezi leo kwa barabara itokayo Likasi, katikati ya malori ya shaba na vibao vya kampuni za madini, utaona kibao cha aina nyingine: ukuta wenye rangi mpya, picha ya mtoto aliyevaa kofia ya kuhitimu, jina la Kiingereza, na neno ambalo halikosekani, "international". Hatuna ubaya na vibao. Lakini swali limeingia katika parokia zetu, na wachungaji wanaulizwa mara nyingi kuliko zamani: je, nimtoe mtoto katika shule ya Kanisa, nimpeleke shule ya kimataifa? Anayeuliza anaweza kuwa dereva wa mashine mgodini, ambaye mshahara wake umepanda na hajui utadumu miaka mingapi. Anaweza kuwa mama muuza unga ambaye yuko tayari kuuza kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe. Kwa wote wawili pesa hiyo haitapatikana mara ya pili, na mtoto naye hana miaka mingine kumi na miwili ya kurudia.

Hatutataja hapa shule nzuri na shule mbaya. Tutaeleza neno hilo limetoka wapi, watoto wanasoma nini na wanaishi vipi ndani ya shule hizo, na ni mlango gani unaofunguka mwishoni. Ndugu wa Goma, Bukavu, Beni na Bunia, ambao watoto wao wanavuka mpaka kwenda kusoma Uganda, wataona kwamba habari hii ni yao pia.

Kwanza mzazi ajue kwamba "kimataifa" si cheo. Hakuna ofisi inayokitoa. Mtu anaweza kukodi nyumba ya vyumba sita, akaajiri walimu wawili wanaojua Kiingereza, akaandika neno hilo ukutani, na hajavunja sheria kwa kuliandika. Kinachotolewa na ofisi ni vitu viwili vingine kabisa: ruhusa ya Serikali ya kufungua shule, na kibali cha shirika la mitihani. Hivyo ndivyo vya kuulizia, na tutavirudia.

Kwa asili yake, shule ya kimataifa ni shule ya watoto wa watu wanaohamahama. Mwaka 1924, mjini Geneva, shule kama hiyo ilifunguliwa kwa ajili ya familia za watumishi wa Shirika la Mataifa na wa Shirika la Kazi Duniani. Shida yao ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitatua: mtoto wa Mwingereza akifuata masomo ya Uswisi, siku baba anarudishwa London mtoto ataingia darasa gani? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kuwagawa wanafunzi wakubwa, kila kundi likijiandaa kwa mtihani wa kwao. Mwaka 1968, hukohuko Geneva, likaundwa shirika la International Baccalaureate, ambalo watu huliita IB, lenye mtihani mmoja usio wa nchi yoyote.

Wamisionari walikuwa wamekutana na shida hiyo kabla ya Geneva. Africa Inland Mission, ambayo ndugu wa Ituri wanaijua vizuri, ilifungua Rift Valley Academy huko Kijabe, Kenya, mwaka 1906. Miaka mitatu baadaye Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alipita hapo na kuweka jiwe la msingi la jengo lake kubwa. AIM ilikuwa pia na shule ya watoto wa wamisionari huko Rethy, upande wetu wa mpaka. Kwa sisi wa Lualaba jirani wa karibu ni Sakeji, katika pembe ile ya Zambia inayogusa Kongo na Angola, karibu na chemchemi ya mto Zambezi. Daktari Walter Fisher alikuwa ameanza hospitali ya Kalene Hill mwaka 1906. Mwaka 1925 shule ya Sakeji ikafunguliwa ili watoto wa wamisionari wa nchi hizo tatu wasilazimike kupelekwa Uingereza kwa meli na kukaa miaka bila kuwaona wazazi. Waliofanya kazi hiyo ni wa ukoo uleule wa kiroho na Frederick Stanley Arnot, aliyefika Bunkeya kwa mfalme Msiri tarehe 14 Februari 1886, na ambao matunda yao kwetu ni jumuiya ya Garenganze. Mwaka 1961, baada tu ya uhuru, misheni za Kiprotestanti zilishiriki kuanzisha shule ya Kimarekani mjini Leopoldville, ile inayoitwa leo TASOK.

Tuseme wazi bila uchungu: shule hizo hazikujengwa kwa ajili ya watoto wa washiriki weusi. Zilikuwa za watoto wa wageni, na kwa miongo mingi mtoto wa mwinjilisti na mtoto wa mmisionari waliimba katika ibada moja Jumapili, kisha Jumatatu wakaenda shule mbili. Baadaye milango ilifunguliwa, na leo ukiingia Rift Valley Academy utakuta Waafrika wengi. Lakini alama ya mwanzo inabaki katika kila shule ya aina hii: imejengwa kwanza kwa mtu ambaye siku moja ataondoka.

Katika ukanda wetu wa shaba historia ilikuwa kali zaidi, kwa sababu mwenye mji alikuwa kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na Kolwezi ikaanzishwa mwaka 1937 kuwa makao ya migodi yake ya magharibi. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilikuwa imeamua kumweka mfanyakazi kambini pamoja na mke na watoto: nyumba, posho, zahanati na shule. Shule hizo za kambini zilikabidhiwa misheni ya Kikatoliki ya Wabenediktini. Watoto wa Wazungu walikuwa na shule zao mjini, zenye masomo ya Ubelgiji. Misheni za Kiprotestanti, ambazo nyingi zilitoka Marekani, Uingereza na nchi za Skandinavia, hazikuhesabiwa kuwa "za kitaifa", na kwa sababu hiyo hazikupata ruzuku ya shule mpaka mwaka 1948. Wazee wetu waliosoma kwa Wamethodisti walisoma chini ya paa ambalo misheni na wazazi walilijenga wenyewe.

Ndipo umuhimu wa Mulungwishi unapoonekana, pale kwenye njia kati ya Likasi na Kolwezi. John na Helen Springer, Wamethodisti kutoka Marekani waliokuwa wamevuka bara hili mwaka 1907 kutoka Rhodesia hadi Angola, walifungua njia ya kazi ya Kimethodisti katika Katanga. Taasisi ya Mulungwishi iliyobeba jina la Springer ilitoa wachungaji na walimu kwa vizazi vingi, na leo mahali hapo pana Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Katanga. Kama neno "kimataifa" maana yake ni walimu kutoka nchi mbalimbali, wanafunzi wa makabila mengi na lugha zaidi ya mbili katika uwanja mmoja, basi Mulungwishi imekuwa ya kimataifa muda mrefu bila kuandika neno hilo ukutani.

Baada ya uhuru kampuni ikawa ya Serikali, tukaijua kwa jina la Gécamines, na shule zake zilikuwa ndizo mzazi alizitamani. Daftari, kitabu na dawati vilitoka kwa kampuni. Halafu likaja anguko. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1993 haikufika tani 50,000. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ulikuwa umebomoka. Mishahara ikachelewa miezi mingi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari". Shule za kampuni zilibaki na kuta. Kampuni mpya zilipokuja, pamoja na mafundi kutoka Zambia, Afrika Kusini, Tanzania, India na China, hazikurudisha shule za kambini kama zile za zamani. Pengo hilo ndilo watu binafsi wanalijaza kwa vibao vipya.

Sasa tuingie darasani, maana hapa ndipo wazazi wanapotea.

Mtoto wa shule yetu ya kawaida, iwe ya Serikali, ya Kanisa au ya mtu binafsi mwenye ruhusa, anafuata programu ya taifa. Shule ya msingi ni miaka sita. Inafuata miaka miwili, ya saba na ya nane, ambayo sheria ya elimu ya mwaka 2014 imeihesabu ndani ya elimu ya msingi, halafu miaka minne ya humanités. Jumla ni miaka 12. Katika ile minne ya mwisho mtoto anakuwa katika tawi moja: sayansi, ualimu, biashara, Kilatini, umeme, mekanika na mengineyo. Mwishoni kuna Mtihani wa Serikali, Exetat, ulioanza mwaka 1967: insha ya Kifaransa na mtihani wa mdomo kwanza, kisha siku nne za maswali ya kuchagua jibu, nchi nzima kwa pamoja. Akipata asilimia 50 ana Diploma ya Serikali, na mlango wa chuo kikuu cha Kongo uko wazi. Tunaulalamikia mtihani huu, na kuna sababu za kuulalamikia. Hata hivyo una sifa moja: mtoto wa Kapanga na mtoto wa Gombe, Kinshasa, wanapewa mtihani uleule.

Shule ya Kiingereza inayofuata Cambridge inakwenda kwa njia nyingine. Mtoto hachagui tawi. Anachagua masomo, moja moja. Karibu na umri wa miaka 16 anafanya mitihani iitwayo IGCSE, na kila somo linalipiwa peke yake na kupewa alama yake peke yake. Anaweza kupata alama ya juu katika hesabu na kushindwa jiografia, na cheti kitaonyesha yote mawili bila wastani. Maswali yanampa mtoto kitu cha kufikiria: jedwali la mvua, kipande cha gazeti, jaribio la kemia lililoharibika, naye aeleze kwa maneno yake. Mtoto aliyezoea kukariri maelezo ya ubaoni atateseka mwaka wa kwanza. Hilo si jambo baya.

Lakini sikilizeni vizuri hapa, wazazi. IGCSE si mwisho wa shule ya sekondari. Inakuja baada ya miaka 11 hivi ya masomo. Baada yake kuna miaka miwili zaidi, mtoto akibaki na masomo matatu hivi na kuyachimba hadi A Level. Chuo kikuu cha Uingereza hakimwingizi mtu katika digrii kwa IGCSE peke yake. Shule nyingi ndogo zinaishia hapo kwenye IGCSE, kwa sababu walimu wa A Level ni ghali na maabara ni ghali zaidi. Mzazi anaandaa karamu, anavalisha mtoto kofia ile ya kwenye kibao, halafu anagundua kwamba alicholipia kinaishia katikati ya ngazi.

Hesabu hiyohiyo inawahusu ndugu wenye watoto Uganda. Huko ni miaka saba ya msingi na minne ya sekondari mpaka cheti cha UCE: jumla 11. Mtoto akirudi Beni na cheti hicho, Diploma ya Serikali ya Kongo inakuja baada ya mwaka wa 12. Anayetaka kumaliza Uganda abaki mpaka UACE, miaka miwili zaidi. Zambia ilikuwa na miaka saba na mitano, jumla 12, lakini tangu 2025 imeanza kubadili mpango wake, kwa hiyo msitegemee maelezo ya jirani aliyemaliza Kitwe zamani. Tena mwaka wa shule wa Zambia unaanza Januari na wetu Septemba. Mtoto anayehama katikati hupoteza miezi, mara nyingine mwaka mzima.

IB ni ngumu kuliko zote, na ni adimu. Mtoto anachukua masomo sita kwa miaka miwili ya mwisho, lugha mbili zikiwa ndani yake, matatu kwa kina zaidi. Anaandika utafiti wa maneno hadi 4,000 juu ya swali alilolichagua mwenyewe. Lazima pia afanye kazi ya mikono, michezo na huduma kwa watu wengine, na asipoifanya hapati diploma hata kama ana alama. Alama za juu kabisa ni 45. Zinazohitajika ni 24. Shule ya kuendesha haya lazima ikaguliwe kabla, ilipe kila mwaka, na iwapeleke walimu wake mafunzoni. Ukiona ada ndogo na neno IB kwenye karatasi moja, uliza maswali. Shule za Kimarekani nazo hazina mtihani mmoja wa mwisho. Zinahesabu alama za miaka minne, na thamani ya cheti inategemea kama shule imethibitishwa na shirika la ukaguzi la Marekani.

Ili tusibaki hewani, tutazame shule moja ambayo ilitoka katika kazi ya makanisa na inaendelea mpaka leo. Mwaka 1969 huko Moshi, Tanzania, hospitali kubwa ya KCMC ilikuwa inajengwa, kazi iliyobebwa na makanisa chini ya Kilimanjaro. Madaktari kutoka nje walitakiwa, nao wakauliza swali lilelile la Geneva: watoto wetu watasoma wapi? International School Moshi ilianzishwa kwa ajili hiyo. Ikawa mojawapo ya shule za kwanza katika Afrika kufundisha IB, ikafungua tawi la Arusha mwaka 1987, na mwaka 2019 ikaingia katika jamii ya vyuo vya United World Colleges, ile iliyoanzia Wales mwaka 1962 ili kuwaleta pamoja vijana wa nchi zilizokuwa zinachukiana.

Maisha ya mwanafunzi wa Moshi yanasaidia kuelewa pesa inakwenda wapi. Wengine wanalala shuleni, katika mabweni yenye mlezi anayeishi nao. Mchana ni darasa la watu wachache, na mwalimu anategemea kuulizwa. Mwanafunzi anayekaa kimya anaitwa pembeni kuulizwa kama anaumwa. Jioni kuna michezo au huduma katika jamii iliyo jirani. Kisha kuna mlima. Wanafunzi wanapanda ngazi kwa ngazi, vilima vya karibu kwanza, wakijifunza kubeba hema, kupika na kumngoja aliyechoka, na mwisho kabisa Kilimanjaro yenyewe. Mtoto wa daktari, mtoto wa mfanyabiashara na mtoto wa ufadhili wanagawana sufuria moja. Mimi naona kupanda huku ni somo lililopangwa vizuri kuliko mengi ya darasani. Halihitaji Kiingereza wala ada kubwa. Shule zetu za Kanisa zina vilima pia.

Linganisha na siku ya mtoto wetu wa kawaida hapa: shati jeupe na suruali au sketi ya bluu, kutembea kando ya barabara yenye vumbi la malori, darasa la watu wengi kwenye madawati machache, mwalimu ambaye mshahara wake umechelewa na hata hivyo amekuja. Wanaimba wimbo wa taifa, wanaomba, wanaanza. Elimu ya msingi katika shule za umma, zikiwemo zile za Kanisa, haitozwi tangu Septemba 2019. Sekondari bado ina minervali, na hapo ndipo wengine wanapotelea kwenye mashimo ya kobalti.

Hilo haliko mbali na habari yetu. Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa inatoka katika mkoa huu. Kampuni zinazolipia ada za watoto wa wahandisi zinachimba kilomita chache kutoka mahali ambapo mtoto wa umri uleule anaosha mawe. Parokia yenye watoto wa pande zote mbili katika shule ya Jumapili haiwezi kuzungumza juu ya shule ya kimataifa kana kwamba ni jambo la ladha tu.

Turudi kwenye milango. Mtoto mwenye cheti cha nje, hata kama amekipatia ndani ya Kolwezi, anahitaji kutambuliwa kwa cheti chake na wizara, ile tunayoiita equivalence, kabla ya kuandikishwa katika chuo kikuu cha Kongo. Kazi hiyo inataka karatasi: buletini za kila mwaka, cheti chenyewe, uthibitisho wa shule. Shule isiyo na ruhusa ya Serikali haiwezi kukupa buletini inayokubalika, na hapo mtoto anabaki bila diploma ya huku wala ya kule. Ipo njia ya kufanya Mtihani wa Serikali kama mtahiniwa aliyejisomea, lakini kijana aliyesoma miaka yote kwa Kiingereza atakutana na insha ya Kifaransa, na insha haina huruma.

Ndiyo maana nawashauri wazazi waingie ofisini na maswali machache ya wazi. Arrêté ya ruhusa ya shule iko wapi, na inataja programu gani? Shule imesajiliwa kama kituo cha mitihani cha Cambridge kwa namba gani, au watoto wanapelekwa kufanyia mtihani Lubumbashi ama ng'ambo ya Kasumbalesa? Darasa la mwisho ni lipi? Waliomaliza mwaka jana walikuwa wangapi, na wako wapi sasa? Mwalimu wa fizikia ni nani, na amekaa hapa miaka mingapi? Ada ya mitihani iko ndani ya ada ya shule, au itakuja kama mshangao mwaka wa tatu?

Swali jingine linahusu wageni wenyewe. Kolwezi imewaona wakiondoka. Mei 1978 vita viliingia mjini, na Wazungu waliopona wakasafirishwa ndani ya siku chache. Uporaji wa 1991 na 1993 uliwafukuza wengine nchini kote. Februari 2025 Serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje, na mikataba mingi ya kazi ikaanza kutetemeka bila risasi hata moja. Shule inayosimama juu ya watoto wa mafundi wa kigeni na ada za kampuni mbili inaweza kufungwa kwa barua moja. Aliye na pasipoti nyingine atahamia shule nyingine yenye mtihani uleule; ndiyo faida aliyoinunua. Mtoto wa hapa atarudi programu ya taifa, mara nyingi darasa moja au mawili chini ya wenzake.

Neno moja kuhusu lugha, kwa sababu wengi wanalipia Kiingereza hasa. Hawakosei kabisa. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mpaka wa Zambia uko karibu, na migodini maelekezo ya mashine yako kwa Kiingereza. Ila kuna shule zinazomwadhibu mtoto kwa kusema Kiswahili uwanjani, kana kwamba ni uchafu. Wangejua kwamba Cambridge hiyohiyo ina mtihani wa IGCSE wa Kiswahili, na kwamba IB inakubali Kiswahili kama lugha ya fasihi na kama lugha ya pili! Mtoto wetu angeweza kuingia mtihani wa kimataifa akiwa na somo moja alilolianza nyumbani kwa bibi yake. Kiswahili chetu cha Katanga si kile cha vitabu vya Dar es Salaam, ni kweli, na atahitaji mwalimu wa kumvusha. Lakini kuvuka huko ni kufupi kuliko kuvuka kwenda Kiingereza. Mzazi aulize kama shule inafundisha somo hilo. Shule nyingi hazifundishi kwa sababu hakuna mzazi aliyewahi kuuliza.

Kwa upande wa Kanisa, mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 kati ya Serikali na makanisa unatupa shule nyingi mikononi, na wajibu wake. Hakuna kinachozuia sekondari ya ECC kubaki na programu ya taifa na Exetat, kisha kuongeza saa za Kiingereza kwa mwalimu anayekijua kweli, maktaba ndogo, na huduma ya kila wiki kama ile ya Moshi. Gharama yake ni ndogo mbele ya ada ya mtoto mmoja wa shule za kibao, na parokia yenye wafanyakazi wa migodi inaweza kuibeba.

Na anayeamua kulipa, alipe akiwa amehesabu mpaka mwaka wa mwisho, si wa kwanza. Achukue ada ya mwaka huu, azidishe kwa miaka iliyobaki mpaka A Level au diploma, aongeze mitihani, na aweke kando ya mkataba wake wa kazi aone upi utamalizika mapema. Mkurugenzi mwaminifu atamjibu maswali yote yale bila kukasirika, na wakati wa kumwendea ni Julai, kabla ya kununua sare.